Oili ya Boti Kwenye Stelingi

Siku ile ya njia ya Nyamisati haijanitoka kichwani, mwanangu Doto, na leo asubuhi umeirudisha yote. Umekata kona kuingia uwanjani kwangu hapa Kibiti, gari ikaguna kama ng'ombe mgonjwa, nikakuuliza ni nini. Ukacheka. "Inaimba tu, mama." Kisha nikaliona nyuma ya kiti dumu la oili ya boti, nikaingia ndani nisije nikakutukana mbele za watu. Sasa kaa usikilize. Keshokutwa unakwenda kumchukua mkeo, na siku zake zimekaribia.

Mimba yenu niliilea kwetu Maparoni. Ilipofika mwezi wa mwisho, baba yangu akanivusha kwa boti mpaka Nyamisati, na pale mjomba wako Shabani alikuwa ananisubiri na pikapu yake anipeleke hospitali Kibiti. Shabani alikuwa mtu wa boti kabla ya kuwa mtu wa gari. Unatujua watu wa delta: kila nyumba ina dumu la oili ya kuchanganya na petroli ya boti, na kila kinachopiga kelele kinamiminiwa hiyo hiyo, iwe baiskeli au bawaba ya mlango. Basi stelingi ya pikapu, huo usukani wake, ilipoanza kuguna, akaimiminia kwenye kikopo chake cha oili. Kelele ikapungua siku chache, akajiona fundi. Iliporudi akaongeza tena, na redio akaipandisha sauti.

Nilimwambia. Kila kona gari ilikuwa inaguna chini ya miguu yangu, nikasema, "Shabani, hii gari inaumwa." Akanijibu maneno yale yale uliyonijibu wewe leo, utadhani mmesoma chuo kimoja!

Mbele kidogo, kwenye kona ya kushukia mashamba ya mpunga, mpira unaopitisha oili ya stelingi ukaachia. Oili isiyo yake ilikuwa imeulainisha mpaka ukavimba. Usukani ukawa mzito ghafla, Shabani akauvuta kwa mikono miwili, wapi! Tukaingia kwenye majaruba. Hakuna aliyevunjika mfupa, alhamdulillahi, lakini gari ilizama kwenye tope na uchungu ukanishika palepale.

Wanawake waliokuwa wakipalilia wakanizungushia kanga zao. Kurwa akatangulia. Hakulia. Kisha ukaja wewe. Siku zote umeambiwa mwenzio alifariki siku mliyozaliwa, na hukudanganywa. Ila hukuambiwa kwamba tulipaswa kuwa hospitalini muda huo. Labda angeishi, labda asingeishi, Mungu ndiye ajuaye. Mimi nilinyimwa hata nafasi ya kujaribu, na hilo linanichoma mpaka leo.

Baba alipofika hakumpiga Shabani. Alimtazama tu, akamwambia, "Gari imekulilia siku zote hizi, wewe unaizidishia redio." Mjomba wako hajashika usukani tena.

Mimi si fundi, mwanangu. Haya ninayokwambia nimeyapata kwa kuwauliza mafundi wa hapa mmoja mmoja, maana nilitaka kujua ni nini kilichotuangusha. Kesho asubuhi, injini ikiwa imezimwa, fungua kikopo cha oili ya stelingi uitazame. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, imechoka. Ikiwa na povu, kuna mahali inavuta hewa. Kwa vyovyote ipeleke kwa fundi, na usimruhusu aongezee mpya juu ya uchafu wako. Aitoe yote, aweke aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, anyanyue matairi ya mbele kwa jeki na kuzungusha usukani kulia na kushoto taratibu mpaka mapovu yaishe. Mipira aikague yote, uliovimba autupe. Kelele ikibaki baada ya hapo, basi gari ilale, ukodi nyingine. Usinione mkorofi. Ukiniletea tena habari za kuimba, mkeo nitamfuata mwenyewe kwa bodaboda.

Nimekasirika, na hasira haitanitoka mpaka nisikie gari hiyo inakata kona kimya. Mungu amfikishe mkeo salama, akupe mtoto atakayelia kwa sauti mpaka majirani waje kulalamika. Haya, nenda. Na hilo dumu literemshe hapa.