Kapsuli Nilizozianika na Dagaa

Kabla sijamwona Mama Ngoyi, nilisikia kicheko chake nyuma ya zahanati, palipokuwa na mkeka wangu.

Miaka ile ya sabini nilikuwa mgawa dawa hapa Nchelenge, mpakani na Kongo, nami nilizipenda kapsuli kama wengine wanavyopenda wasichana. Ganda laini la jelatini, lililopikwa kwa ngozi na mifupa, linaupitisha unga mchungu ulimini bila ulimi kujua, kisha linayeyuka tumboni! Mama Ngoyi, mchuuzi wa samaki kutoka Kongo, alikuwa akitapika kila unga wa dawa ya kifua tuliompa. Nikamwapia kwamba kapsuli zitamwokoa.

Zikaja kwa mtumbwi, kopo limeingiwa na unyevu. Kwetu ziwani Mweru, kilicholowa huanikwa. Nikazimwaga zote juani, kando ya dagaa wa jirani, nikaondoka nikiimba.

Sasa Mama akaingia, ameuinua mkeka wima mbele ya daktari. Hakikuanguka kitu. Kapsuli zilikuwa zimeyeyuka zikawa gundi nyekundu, na dagaa wamenasa humo, macho wazi.

"Weye mutoto, umetupikia mboga?" akauliza, akicheka na kukohoa.

Daktari hakucheka. "Mama, dawa iliyobaki ni ule unga mchungu tu."

"Ulete, munganga."

Akatoa tonge la bukari, ugali wa kwao, kikapuni, akalitoboa kwa kidole gumba, akatia unga ndani, akaliziba, akameza. Tukasubiri, mimi nimeshika ndoo. Hakutapika.

"Kapsuli yangu haiogopake jua," akaniambia, akatoka, akafunga mlango.