Mzee Lomorukai na Ng'ombe wa Chuo

Watu husema sisi Wameru tuna hasira za karibu. Sitabishana nao, kwa sababu haya ninayoyaeleza yalianza na hasira zangu mwenyewe, tena asubuhi, kabla hata sijanywa chai.

Nilikuwa na wiki mbili tu Isiolo. Chuo kimoja cha ufundi kilikuwa kimeniajiri niongoze idara ya kompyuta, na humo nilimkuta fundi wa mtandao aitwaye Lomorukai, Mturkana mrefu wa miaka arobaini na saba, mwenye kofia ya sufi asiyoivua hata jua liwake vipi. Alikuwa ameingia chuoni kama askari wa lango, akajifunza kompyuta kwa kukaa nyuma ya darasa kila alipopumzishwa zamu. Kila mtu alimwita mzee, nami nikafuata.

Kila siku saa mbili kasorobo mzee aliketi mbele ya skrini nyeusi isiyo na picha wala kitu cha kubofya, akaandika amri moja, nslookup, halafu jina. Akasoma jibu. Akaandika jina lingine. Lokwang. Lonyang. Lomeri. Lopus. Kompyuta zote arobaini na mbili za chuo, moja baada ya nyingine, huku midomo yake ikicheza bila sauti.

"Mzee, haya majina ni ya nani?" nilimuuliza.

"Ni ng'ombe ya baba, madam."

Nilidhani ananitania. Hakuwa ananitania. Miaka kumi na moja iliyopita aliambiwa azipe kompyuta majina, na hayo ndiyo majina aliyokuwa nayo.

Kwa asiyejua kazi yetu, kila kompyuta kwenye mtandao ina namba yake, na kwa kuwa namba ni ngumu kukumbuka, tunaipa na jina. Seva moja hukaa na orodha ya majina yote na namba zake. Ile amri ya mzee huiuliza seva, Lokwang yuko wapi, nayo seva hurudisha namba. Jina lisipokuwa kwenye orodha, seva husema wazi kwamba hakuna kitu cha jina hilo. Ni amri ya kutumia siku kuna tatizo, si ya kila asubuhi kama sala.

"Hiyo haikuambii kama kompyuta inafanya kazi," nilimwambia. "Hata ikiwa imezimwa, hata ikiwa imekufa, seva itajibu tu. Ni orodha, mzee."

"Najua, madam. Lakini inajibu."

"Kuna programu itakuhesabia zote kwa sekunde mbili."

"Ng'ombe haihesabiwi," akasema. "Unaangalia ni nani hayuko."

Nilikwenda zangu kunywa chai. Mtu wa aina hiyo utambishia nini?

Kilichonichoma ni kitu kingine. Kila jibu la ile amri huanza na mstari unaotaja jina la seva iliyoulizwa, ndipo linakuja jina la kompyuta unayoitafuta. Kwetu, mstari ule wa kwanza ulisema UnKnown, haijulikani, kwa Kiingereza chake chenye herufi kubwa katikati. Seva ilijua majina ya wengine wote, lakini jina lake yenyewe hakuna aliyewahi kuliandika. Ni kosa dogo, la dakika mbili kulirekebisha. Kwa macho yangu lilikuwa uzembe wa miaka kumi na moja, na mimi nilikuwa na ripoti ya kwanza ya kumpelekea mkuu wa chuo.

Nilimwambia Jumatatu aipe seva jina. Akaitika. Jumatano ile UnKnown bado iko pale pale. Nikamwambia tena, sauti ikiwa imepanda kidogo. Akaitika tena, akitazama sakafu. Ijumaa nilifika mapema kuliko yeye, nikawasha skrini na ile UnKnown ikanikodolea macho. Nikakaa, nikaandika mwenyewe: SEVA-01. Nikajipongeza.

Mzee alikuja saa mbili kasorobo. Akaita Lokwang. Jibu likaja, na juu yake SEVA-01. Akalisoma. Kisha akazima skrini, akaweka funguo za chumba cha seva juu ya meza yangu, taratibu, na kutoka. Afadhali angenitukana.

Jumatatu hakuja. Jumanne hakuja. Katibu wa chuo akaniambia kwamba kwa miaka yote hiyo mzee hajawahi kukosa kazi hata siku moja, hata wiki aliyomzika mama yake. Hapo hasira zilianza kupoa, na hasira zikipoa ndipo unaona ulichokivunja. Jumatano mchana nikachukua boda boda hadi mtaa wa Kiwanjani, anakoishi na dada yake.

Dada yake anaitwa Nakolong. Nilimkuta mbele ya nyumba akipima makaa kwa debe, mikono myeusi hadi viwikoni.

"Ejoka," nikamsalimu, kwa Kiturkana chote nilichokuwa nacho.

"Ejok. Wewe ndiye ile madam ya kompyuta?" Alinitazama kuanzia viatu. "Kaa hapo kwa kiti. Usikae karibu na makaa, utachafuka halafu useme ni sisi."

Nilikaa. Nikamwambia nimekuja kujua mzee ana shida gani, kwa sababu nilichofanya ni kuandika jina tu.

"Jina tu," akasema Nakolong. Akatua debe. "Hiyo nafasi hakuacha wazi kwa uvivu. Ni ya Ekiru."

Ekiru alikuwa ndugu yao mdogo, aliyezaliwa siku ya mvua. Alikuwa na maksai aliyempenda kuliko ng'ombe wote, mwenye uso mweupe, na maksai huyo aliitwa Longole. Kwao kijana huchukua jina la maksai wake, hivi kwamba ukiita Longole malishoni, umewaita wote wawili. Miaka ishirini na sita iliyopita wezi wa mifugo walivamia boma lao, wakaondoka na ng'ombe wote. Ekiru, mwenye miaka kumi na saba, akawafuata. Lomorukai naye akamfuata Ekiru, nyuma sana, akiita Longole, Longole, kwa sababu maksai yule alikuwa akisikia jina lake anageuka, na aliko maksai ndiko aliko Ekiru. Aliita siku tatu mpaka sauti ikakatika. Hakuna aliyegeuka. Hawakupata mwili wala mfupa.

"Mama akasema, hiyo jina isiitwe tena mpaka mwenyewe arudi," Nakolong alisema. "Tukanyamaza. Mama amekufa, na sisi bado tumenyamaza."

Nilitamani ardhi inimeze na kiti chake. Niliyaona yale maandishi yangu, SEVA-01, na ile furaha yangu ya kijinga.

Mzee akatokea na mtungi wa plastiki wa maji begani. Akaniona, akautua.

"Habari, madam."

"Mzee, nimekuja kuomba msamaha. Nimelifuta lile jina. Nafasi iko wazi, na ikibaki haijulikani milele, nitamweleza mkuu wa chuo mimi mwenyewe."

Alikaa juu ya mtungi. Alivua kofia, mara ya kwanza mimi kukiona kichwa chake, na nywele zilikuwa nyeupe.

"Nilitaka kuiandika hiyo jina," akasema. "Kila mwaka nasema, mwaka hii nitaandika. Halafu naogopa. Wewe unajua ile maneno inaleta ikikosa mtu. Inasema hakuna. Hakuna kitu inaitwa hivyo. Mimi niliita siku tatu, madam. Nikiita tena, halafu ile skrini iniambie hakuna?"

Hilo lilikuwa swali la kazi yangu, namshukuru Mungu, maana swali lingine lolote nisingeliweza.

"Haiwezi kukuambia hakuna," nikamjibu. "Ukishaliandika kwenye orodha, itajibu. Kila utakapoita."

"Hata kama hayuko?"

Maneno yangu mwenyewe yalinirudia, yale ya dharau. Ni orodha, mzee.

"Hata kama hayuko," nikasema.

Mzee akamtazama dada yake, na Nakolong akamjia juu kama mtu aliyekuwa akisubiri zamu.

"Umekaa na jina ya ndugu yangu mdomoni miaka yote kama mtu ameng'olewa meno! Wewe uliita siku tatu. Mimi je? Mimi nilikuwa na mtoto mgongoni, nikabaki nyumbani na mama. Sijawahi kumuita hata mara moja." Akajipangusa makaa mikononi. "Mimi pia nataka kumuita."

Mzee alivaa kofia yake, na nikajua amekubali.

Jumatatu iliyofuata Nakolong alikuja chuoni na leso mpya na shanga zake zote za shingoni. Wanafunzi walimpisha njia wenyewe. Akasimama nyuma ya kiti cha kaka yake, mkono mmoja begani mwake. Mzee akafungua orodha, akaandika jina mahali pa seva, jina kwa namba na namba kwa jina, herufi moja moja. Akakosea, akafuta, akaandika upya. Kisha akafungua skrini nyeusi, akaandika ile amri na jina Longole, akainua kidole juu ya kitufe na kukiacha hapo hewani.

Nakolong hajui kusoma, lakini aliuelewa ule mkono.

"Si ubonyeze?"

Akabonyeza.

"Imesema nini?"

"Imejibu," akasema mzee.

"Imesema yuko wapi?"

Akaweka kidole kwenye ile namba. "Hapa."

Nakolong akainama kuitazama namba ile. "Ita wengine," akasema.

Mzee akaita Lokwang. Jibu likaja: Longole, kisha Lokwang. Akaita Lonyang: Longole, kisha Lonyang. Alikuwa akisoma kwa sauti sasa, na mara ya nne Nakolong akamkatiza.

"Mbona kila ukiita mwingine, Longole anakuja mbele?"

"Ndiye anaulizwa kwanza. Hao wote wanapitia kwake."

"Hata zamani," akasema Nakolong, "wakienda maji ndiye alikuwa anatangulia."

Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta. Mimi yangu niliyafuta kwa ripoti ya mkuu wa chuo, ndiyo karatasi iliyokuwa karibu. Kisha Nakolong akavuta pumzi na kuita. Hakuita kwa sauti ya chumbani. Ilikuwa sauti ya malishoni, ndefu, ya kuvuka bonde, na wanafunzi wakajaa madirishani kuona ni nani anayemwita Longole.

Mzee Lomorukai akabonyeza kitufe, na jibu likaja.