Mpira wa Mashine ya Mama Neema

Nitakachokusimulia kilinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu. Najua utatafuta mahali pa kunikosoa. Hata mimi natafuta hadi leo, sijapaona.

Nilikuwa fundi wa vifaa vya umeme Butimba. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na vitu vigeni vikaanza kumiminika Mwanza: majokofu yaliyotumika Ulaya, pasi za mvuke, mashine za kufyonza vumbi. Mama Neema, muuza vitenge aliyekuwa akiishi peke yake Nyegezi, alikuwa nayo mashine moja ya namna hiyo. Mpira wake, ule mrefu wenye mikunjo unaopitisha vumbi, ulikuwa umepasuka. Wa aina ile haukuwepo mjini. Nikapata mwingine kwenye mashine iliyoungua mota, nikamwambia nitaulazimisha ukae. Akasema nije Jumamosi saa nne, atakuwepo.

Nilifika mapema kidogo. Nikabisha hodi, mlango ukafunguliwa na mzee mrefu, mwembamba, mikono ya shati kaikunja hadi kwenye viwiko.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi? Pita. Ng'ombe wenu huyo hapo."

Mashine ilikuwa katikati ya sebule. Nikamuuliza Mama Neema yuko wapi.

"Kabula atakuja. Wewe fanya kazi."

Sikumjua Kabula. Nikadhani ni mgeni mwingine aliyefikia pale kama yeye, nikafungua mkoba wangu.

Nikang'oa mpira mbovu. Ule niliokuja nao ulikuwa mwembamba kidogo, na plastiki ya namna ile haiingii ikiwa baridi, mpaka uitie kwenye maji ya moto ilainike. "Birika liko kabati la chini, nyuma ya masufuria," mzee akasema, wala sijamuuliza. Kweli lilikuwepo. Nikachemsha maji, nikalainisha ncha, nikaisukuma mpaka ikakaa, nikaikaza kwa kibano. Nikawasha.

Sasa nisikilize vizuri. Mashine hiyo ukiiziba mdomo wa mpira kwa kiganja, mkono unanaswa na mlio wa mota unapanda. Ndivyo tunavyojua haivuji. Nikaziba, ukaninasa. Mzee akasema, "Hebu na mimi." Akaweka kiganja chake. Mlio haukubadilika. Upepo ukaendelea kuingia kama hakuna kilichoziba. Nikadhani kiungo kinavuja, nikazima, nikafungua, nikakaza upya. Kwangu unanasa, kwake haunasi. Nilirudia mara tatu, niamini, jasho linanitoka, najilaumu kwamba ufundi umenishinda. Wewe ungewaza nini? Mimi niliwaza mpira.

Nimeinama nakifungua kiungo tena, nikasikia sauti dirishani. Mama Neema alikuwa nje, ananitazama.

"Umeingiaje humo ndani?"

"Mzee kanifungulia, mama."

"Mzee gani?"

Nikageuka nimwonyeshe. Nilikuwa peke yangu sebuleni. Nikaenda mlangoni, haufunguki. Mlango wa nondo ulikuwa na kufuli kwa nje, na ufunguo alikuwa nao yeye.

Alipofungua, majirani walikuwa wameshajaa uani. Unajua mwizi aliyekutwa ndani alivyokuwa akifanywa. Mmoja alishaokota tofali. Nikaropoka tu, "Mama, yule mzee alisema Kabula atakuja."

Mama Neema akawazuia watu kwa mkono. Kabula ni yeye. Lilikuwa jina lake la kwao, na pale Nyegezi hapakuwa na mtu aliyelijua. Akaniuliza mzee mwenyewe yukoje. Nikamweleza, mpaka na ile habari ya ng'ombe. Akakaa chini kwenye ngazi.

"Huyo ni baba. Nilimsimulia mashine hii inavyonguruma, akacheka akasema mmenunua ng'ombe."

Nikampa pole ya msiba.

"Msiba gani? Baba yu hai. Amepooza tangu mwaka jana, hanyanyuki kitandani, na nyumba hii hajawahi kuikanyaga."

Siku ile ile akanichukua twende kwao, mbele ya Buhongwa. Nadhani alitaka kujua kama namdanganya. Tukamkuta mzee kalala chali, shuka hadi kifuani, macho kayafumba. Alikuwa ni yule yule. Nikasema shikamoo. Hakufumbua macho.

"Marahaba fundi. Mpira umeshika?"

Nikamwambia, "Umeshika, mzee."

"Haya," akasema, akapitiwa na usingizi. Mama Neema akatoka nje akaenda kulia nyuma ya zizi.

Mzee aliishi miaka miwili zaidi, pale pale kitandani. Na hilo ndilo linalonichanganya. Angekuwa marehemu, ningejua la kuwaambia watu. Mke wangu alinipeleka kwa mchungaji, naye akaniuliza nilitokewa na marehemu gani. Nikamjibu mtu mwenyewe yu hai, jana kanywa uji. Akatuombea safari njema ya kurudi nyumbani.

Mama Neema hakuniita tena kwa kazi yoyote. Tukikutana sokoni tunasalimiana, kila mmoja anaangalia pembeni. Na mimi kazi za kwenda majumbani nilipunguza sana.

Kwa hiyo wewe unayeitwa kwenye nyumba za watu, fundi, dobi, yeyote uliye, shika hili. Asiyekuita akikufungulia, hata awe na adabu kiasi gani, hata jua liwe linawaka, usivuke kizingiti. Kaa nje, umsubiri mwenye ufunguo.