Majembe Ukutani

Juzi nilirudi kijijini kwetu, kando ya Mto Kagera, nikakuta majembe yameegemezwa ukutani asubuhi. Nikajua kuna msiba, maana kwetu hakuna anayelima mpaka marehemu azikwe.

Nikaikumbuka alasiri moja ya utotoni. Ilikuwa siku ya nne hatulimi. Upepo wa mtoni ulileta harufu iliyomfanya mama afunge madirisha, nami nilidhani ni ndizi za pombe zimeoza. Nilicheza migombani kwa raha, huku wanaume wakipishana na machela.

“Mama, amekufa nani?”

“Wageni, mwanangu. Mto umewaleta kutoka ng’ambo.”

Nilidhani mtumbwi wao umezama wakija kututembelea. Leo najua walikuwa wameuawa, tena wengine wamefungwa mikono.

Jioni baba alirudi kutoka kuzika, akachukua jembe lake ukutani.

“Wameisha?” mama akauliza kwa sauti ndogo.

“Bado wanakuja,” baba akasema. “Tukiwangoja wote, watoto watakula nini?”

Akaingia shambani, akaanza kulima huku analia. Mimi nilinuna, kwa kuwa sikukuu yangu ilikuwa imekwisha.