Chupa na Pipa Shambani kwa Mama

Ugomvi mkubwa wa ndoa yangu haukuwa juu ya wakwe wala watoto. Ulikuwa juu ya chupa na pipa. Mimi hupika bia nyumbani kwetu Oli, mtaa wa mjini Arua, na mume wangu huionja, kazi anayoifanya kwa moyo wake wote bila kukumbushwa. Bia ikiiva tunaigawa: nusu inaingia kwenye chupa, nusu kwenye pipa dogo la chuma lenye koki, nililolipata kwenye baa moja ya mjini ilipofungwa. Chungu ni kile kile. Kimea ni kile kile cha mtama nilichokiotesha mwenyewe juu ya gunia lililolowa, asali ile ile, majani machungu yale yale ya nyuma ya nyumba. Lakini ukionja baadaye utaapa kwamba zimepikwa na wanawake wawili wasiosalimiana.

Ya chupa ina makeke. Kabla ya kubana kizibo unatia asali kidogo, nayo inachachuka humo ndani na gesi inakosa pa kutokea. Ukiifungua inapiga kelele, povu linapanda, ulimi unachomeka kidogo. Ya pipa ni tulivu. Gesi yake ni ndogo, lakini mtama unausikia vizuri, na asali inakuja mwishoni, polepole. Ubaya wake ni mmoja tu. Ukishafungua koki hewa inaingia, na kesho yake bia inaanza kugeuka siki. Chupa itakungoja hata mwezi, ila pipa likifunguliwa ni la kumalizwa siku hiyo hiyo.

Mume wangu ni mtu wa chupa. Kwao ni upande wa Kongo, anauza vitenge sokoni, na anapenda kitu kilichokunjwa vizuri.

“Chupa iko na heshima,” husema. “Kila mutu anashika yake mu mukono. Pipa ni ya watu ya kelele.”

Mimi ni mtu wa pipa, na kelele ninazo. Tumebishana hivyo miaka yote, na nakiri nilikuwa nafurahia.

Mwaka huu ubishi ule ukaenda mpaka kijijini Lobule, upande wa Koboko, kwa mama yangu. Mama ni mjane, na magoti yake yamechoka kabla yake. Msimu uliopita nusu ya shamba lake ilibaki pori. Ndugu zangu walio mbali wakanipigia simu, tukazungumza, na wote tukakubaliana kwamba mama aje akae kwangu Oli. Nilimwandalia chumba, dirisha lake linatazama ukuta wa jirani. Kila nikikiingia moyo ulinisinyaa, kwa sababu mama yangu ni mtu wa kuamka na kutazama mbali. Yeye akatupa neno lake kwa simu.

“Kama shamba nalimwa yote mbele ya mvua, mimi nabaki. Kama hapana, mimi nakuja Oli, na hapana lia.”

Mama akisema hivyo, amesema. Nikaona ni juu yangu.

Kwetu shamba halilimwi kwa kuomba. Unapika pombe, unatangaza, majirani wanakuja na majembe, wanalima, kisha wanakaa pembeni mwa shamba na kunywa pamoja. Kidole kimoja hakivunji chawa, na vidole vinaitwa kwa pombe. Zamani mama alipika kwete, pombe yetu ya nafaka, mwenyewe, mitungi mikubwa, na watu walitoka mpaka Kuluba kuja kumlimia. Sasa mikono yake haiwezi kukoroga vile. Nikamwambia nitapika mimi, naye akacheka kwa furaha mpaka akakohoa.

“Leta ile ya chupa,” akasema. “Watu naona kazi ya mutoto yangu.”

Mume wangu aliposikia hivyo alitembea nyumba nzima kama mshindi wa uchaguzi. Anaelewana na mama kwa Kiswahili tu, kwa kuwa yeye hajui Kikakwa na mama hajui Kilingala, lakini siku hiyo wangeelewana hata kwa miluzi. Tukapakia chupa kwenye gari la kukodi, zimefungwa kwa matambara. Kisha, kwa ubishi tu, nikapakia na pipa langu. Njiani kuelekea Koboko chupa kadhaa zilipasuka, nami nilitazama nje ya dirisha ili mume wangu asiuone uso wangu.

Siku ya kulima walikuja watu wengi, nilishukuru hadi nikaishiwa maneno. Waislamu kwa Wakristo, wake kwa waume, baiskeli zikaegemezwa kwenye ua. Jirani wa mama, mwanamke aliyezaliwa kambini, binti wa askari, alikuwa amepika sufuria kubwa ya uji wa mtama kwa wasiokunywa, na yeye mwenyewe akiwa wa kwanza wao.

“Mimi na pombe hapana juana,” aliniambia huku akijifunga kanga kiunoni. “Lakini jembe inanijua.”

Walilima vizuri. Jua lilipokuwa la utosi walikuwa wamefika kwenye kichuguu kilicho katikati ya shamba, nusu kamili. Mama akasema wapumzike. Mume wangu akatoka na chupa zake, amevaa shati jeupe, akampa kila mnywaji yake mkononi kwa heshima zote.

Hakuna aliyefungua.

Walizigeuza, wakaziinua juani watazame rangi, wakasifu. Mzee mmoja aliizungushia yake shati lake kama mtoto mchanga.

“Hii mutu hapana kunywa hapa kwa vumbi,” alisema. “Mimi napelekea bibi yangu, yeye pia naona.” Akamshika mama mkono, akambariki, akapanda baiskeli. Mwingine akasema yake ataipeleka senta, kwenye friji la dukani, ikapoe. Mwingine alikuwa na shemeji mgonjwa wa kutembelewa. Waliondoka mmoja mmoja, kwa adabu kabisa, wakishukuru, chupa zimefungwa nyuma ya baiskeli kwa mpira. Na wa uji, walipoona wenzao wanakwenda, nao wakakung'uta majembe.

Hapo ndipo nilipoelewa tulilofanya. Mtungi wa pombe hauondoki, kwa hiyo na watu hawaondoki. Kuuacha mtungi una kitu ni kumtukana mwenye shamba. Lakini aliyepewa chupa amepewa fungu lake lote, na lina kizibo. Kitu chenye kizibo kinakwenda nyumbani. Wala hawakuwa watu wabaya, tuliwaaga wenyewe bila kujua.

“Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza,” nilimwambia mume wangu, na chupa zilikuwa bado zinaonekana njiani zikitembea. Alikuwa anamtazama mama.

Mama alikuwa amekaa juu ya mpini wa jembe lake. Upande wa Kuluba mawingu yalikuwa yameshajikusanya. Aliitazama ile nusu yenye majani, akaitazama tena.

“Basi,” akasema taratibu. “Mimi tafunga vitu yangu.”

Hasira zangu ziko karibu, na machozi yangu yako karibu zaidi. Sikutaka kumpa moja wala lingine. Nikaenda ghalani nilikoficha pipa, nikaliangusha, nikaanza kuliviringisha. Mume wangu akavua shati lake jeupe akanisaidia. Tulilipeleka kupita kile kichuguu, mpaka ndani ya majani, mahali ambapo jembe halijafika, tukalisimamisha juu ya jiwe. Nilijua kwamba nikifungua koki hakuna kurudi nyuma. Wasipokuja, bia yote itamwagwa, na mama atakuja kutazama ukuta wangu. Nikafungua.

Jirani, asiyejuana na pombe, alikimbia mpaka njiani akaweka mikono kinywani.

“Pipa nafunguliwa! Pipa iko ndani ya majani! Na leo inaisha!”

Wa kwanza kurudi alikuwa yule mzee, chupa yake bado imefungwa kwenye shati. Alilitazama pipa, akalitazama jembe lake, akacheka.

“Hii hapana panda baiskeli,” akasema.

Wakarudi wengine. Mama alisimama kwa magoti yake yale yale, akashika kibuyu kimoja tu na kutoa amri: kibuyu kinazunguka mara moja sasa, kinachobaki ni cha mstari wa mwisho. Bia ilitoka na ukungu kwa kuviringishwa, mashapo yote yamepanda juu, nami niliona aibu, lakini hakuna aliyelalamika. Walikunywa, wakafuta midomo, wakalima. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuliacha pipa. Mume wangu, muuza vitenge, alilima mpaka viganja vikatoa malengelenge, na sijapata kumpenda kama siku ile. Mstari wa mwisho uliisha, pipa likaisha, na mvua ikatukuta tunakusanya majembe.

Mama alikaa mlangoni akiilowesha miguu yake kwa maji ya paa. Hakusema asante. Alisema tu kwamba kesho atapanda.

Wiki zilizofuata, wake wa wale wakulima walikuja mmoja mmoja kurudisha chupa tupu, zimeoshwa, maana kwetu chombo cha mtu hakikai. Mama alizipanga ukutani. Alinipigia simu kuniambia kwamba bia ya chupa imesifiwa Lobule nzima, na kwamba wakwe wa watu wanaiulizia. Mume wangu aliomba nirudie maneno hayo, nikayarudia.

Majuzi, baada ya mavuno, dereva mmoja aligonga mlango wetu Oli. Kile chumba bado kina kitanda kilichotandikwa, na dirisha lake bado linatazama ukuta. Dereva alinipa mzigo uliofungwa kwa kitambaa, kutoka kwa mama. Nikaufungua mezani. Ilikuwa chupa yetu moja, imejaa ufuta wa shamba lile mpaka shingoni, imezibwa kwa kigunzi cha mahindi. Mume wangu aliichukua mkononi, akaipindua polepole, tukasikiliza punje zikishuka.

Niliiweka dirishani katika kile chumba. Mama hakuja. Ilikuja chupa, nami nikamshukuru Mungu kwa kila punje iliyomo.