Kaseti ya Tatu

Mwezi uliopita nilienda Kibwezi kuangalia shamba la marehemu nyanya, nikamkuta mpwa wangu amejilaza kwenye kochi na simu, vidole vinakimbia kama anachambua ndengu. Nikachungulia. Nikamwona Soja! Soja yule yule wa utotoni mwangu, na kofia yake ya chuma na bunduki yake ya miale, anaruka mawe kwenye sayari ambayo mimi niliijua ikiwa ya kijivu. Kumbe ni nyekundu. Televisheni yetu haikuwa na rangi.

"Anti, hii unaijua?" kijana akaniuliza. "Gemu zote tatu ziko hapa. Gani ndiyo noma?"

Nikamwambia anipishe nikae. Na wewe kaa, maana swali hilo silijibu kwa neno moja.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa naishi Migwani na mama, na kila shule ikifungwa napelekwa Kibwezi kwa nyanya, kwa binamu yangu. Tulikuwa wasichana wawili, yeye amenizidi mwaka mmoja na maneno elfu. Mjomba alikuwa dereva wa lori barabara ya Mombasa, na Aprili moja akarudi na mashine ya gemu, televisheni ndogo, na kaseti moja. Stima haikuwa imefika kwa nyanya. Tulitumia betri ya gari, na betri ikiisha tunaisukuma kwa wilbaro hadi mjini ikachajiwe. Kwa hivyo gemu ilikuwa ya Jumamosi alasiri tu, baada ya kuteka maji mtoni na punda, baada ya kutwanga muthokoi mpaka mahindi yaachane na maganda yake, na baada ya nyanya kuridhika, jambo ambalo halikuwa rahisi.

Gemu yenyewe ilikuwa ya mtu mmoja. Hapo ndipo nyanya alipoamua kesi. Sisi Wakamba tuna mwethya: leo tunalima kwako wote, kesho tunalima kwangu wote, na hakuna anayevuna kabla jirani hajapalilia. Akasema hata hilo lidude lichezwe hivyo. Sheria ikawa ukifa, unapeana rimoti. Na hakuna kusonga mbele hatua hata moja kama mwenzako hayupo. Tuliapa, tukala kiapo kwa sahani moja ya isyo, mahindi na maharagwe bado ya moto.

Basi, kaseti ya kwanza. Soja ameanguka na chombo chake kwenye sayari kavu, na watu wake wana kiu. Hakuna maneno, ni picha tu kila ukimaliza hatua. Anatembea, anapiga wadudu wa chuma, anatafuta maji. Nyanya alisimama mlangoni na ungo wake, akatazama kidogo, akasema kwa Kikamba kwamba huyo ni mtu wa hapa. Mwishoni Soja anapata maji, anakaa chini. Basi. Anakaa tu. Tulilia, mimi na binamu, na hatukuona haya.

Ya pili ilikuja Agosti, mbaazi zikiwa tayari. Hii ilikuwa na hadithi ndefu na Kiingereza chini ya picha, binamu akinisomea kwa madaha ya mtu wa darasa la saba. Sayari zilikuwa nne. Bunduki zilikuwa nzuri kuliko za kwanza, lakini vita vyenyewe vya mfalme fulani ambaye sikumjali. Kilichoiokoa ni kwamba Soja alipata mwenzake. Tulimwita Mwenzake, hatukuwa na jina lingine. Anamfuata Soja nyuma, anamwokotea risasi, Soja akianguka anamwinua. Tulimpenda kupita kiasi. Binamu alisema, "Huyu ni mimi, Soja ni wewe," nami nikavimba kichwa hadi shule zilipofunguliwa.

Oktoba nikapokea barua Migwani. Mjomba ameleta ya tatu. Binamu aliandika: "Iko ndani ya nailoni yake, sijaigusa. Nakungoja." Desemba hiyo mama alikuwa amepanga kunipeleka Mombasa kwa dada yake, nikaone bahari kwa mara ya kwanza. Nikakataa. Mama aliniita mwendawazimu. Nilienda Kibwezi, na bahari sikuiona mpaka nilipokuwa mtu mzima.

Jumamosi ya kwanza tulikaa kwenye mkeka, maembe kwenye karai kati yetu. Ya tatu ilikuwa na miji, muziki, mioto. Nilikufa haraka, nikapeana rimoti. Binamu hakufa. Alikuwa anainama kabla jiwe halijaanguka. Alikuwa anageuka kabla mlango haujafunguliwa. Nikamsifu. Fikiria, nilimsifu! Nikasema amekuwa hodari. Jumamosi ya pili hivyo hivyo, na ya tatu tukafika mwisho, kwenye daraja, Mwenzake nyuma kama kawaida.

Hapo binamu akanipa rimoti. "Shika wewe, mkono umechoka."

Hakuwa amekufa. Nilishangaa, lakini nikashika, nikidhani ni wema. Nikaanza kuvuka. Binamu akapiga kelele, "Aiya!" Na baada ya kelele yake, si kabla, Mwenzake akainua bunduki na kumpiga Soja mgongoni.

Nilikaa na rimoti mkononi. Binamu alikuwa ameshika mdomo, macho yamemtoka, anasema hakutarajia, kweli hakutarajia. Nikala embe. Likizo zilizofuata nikamwambia mama naweza kubaki Migwani kumsaidia kazi.

Kwa hiyo mpwa wangu alipouliza, nilimjibu: ya kwanza ndiyo bora, ya pili inapendeza, ya tatu ni ya kutupa. Nimeicheza tena kwa simu yake, yote, siku mbili, nikitafuta dalili kwamba Mwenzake atageuka. Sikuona hata moja. Mtunzi alikosa pa kumalizia akaamua kumchafua mtu mwema. Binamu yangu angalau dalili zake zilikuwa wazi, ni mimi niliyekataa kuzisoma.

Miaka michache iliyopita, kwenye matanga ya nyanya, tuliketi pamoja nyuma ya nyumba tukimenya viazi. Akaanza mwenyewe.

"Ile gemu ya tatu. Ulijua nilikuwa nimeimaliza?"

"Nilijua ulichungulia."

"Ningengojaje miezi miwili, na kaseti iko mezani? Watoto wa pasta walikuja, tukaicheza ikaisha wiki moja." Akacheka kidogo, halafu akaacha. "Mwenzake alipogeuka, nililia. Nikasema wewe hutaambiwa. Lazima uone mwenyewe, na mimi nikiwa hapo."

Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayetoa zawadi iliyochelewa. Nadhani alitaka nimshukuru. Mimi nilikuwa nimekasirika upya, mwanamke mzima na kisu cha viazi mkononi. Angeniambia tu amechungulia, ningenuna siku mbili tukaendelea.

Nyanya hayupo, punda hayupo, stima imefika, na mpwa wangu ana sayari zote mfukoni kwa rangi zake. Hayo sijayalilia sana. Ninacholilia ni zile Jumamosi tatu, ambazo nilizitunza miaka yote nikiamini kwamba, hata kwa hasira, tulikuwa wawili pale. Nilipiga mayowe sakafu ikifunguka. Nilimshika binamu mkono, jitu la chuma lilipotoka majini. Naye alipiga mayowe, naye alinishika, na yote hayo alikuwa ameshayamaliza Oktoba na watu wengine. Desemba ile nilicheza peke yangu, na yeye alikaa mkekani akinitazama.