Mkono wa Kushoto wa Mdogo Wangu

Kwaru, kwaru, kwaru. Niliisikia sauti hiyo kabla sijalifikia lango la kwetu Likoni, kabla sijaona hata rangi mpya waliyoupaka ukuta. Chuma kikikwaruza nazi, bila haraka, kama zamani. Nikasimama njiani na begi langu mkononi. Kwa kitambo kidogo niliamini kwamba bibi yangu yu hai, amekaa uani, kanga ameifunga kiunoni, kifuu kinazunguka mikononi mwake.

Alikuwa mdogo wangu. Amekalia mbuzi ileile ya bibi, kibao chenye ulimi wa chuma, uso ameuinua kidogo kuelekea jua. Yeye hajawahi kuisikia sauti ile. Anaijua kwa mapaja, kwa mtetemo unaopanda kwenye ubao. Nilipomgusa bega aliacha kukuna, akanishika kidevu, vidole vikakitafuta kikovu changu cha utotoni. Alipokipata akacheka, akanyoosha mkono wake wa kushoto, akaniambia kwenye kiganja: umekonda.

Umekonda! Ungalijua, rafiki yangu, neno hilo lilitoka mbali kiasi gani.

Homa ilimpitia kabla hajaanza kutembea, ikaondoka na macho yake na masikio yake. Mama alishinda kiwandani ng'ambo, Changamwe, kwa hiyo sisi wawili tulilelewa na bibi, katikati ya muhogo na minazi yake. Asubuhi ilinukia mahamri na iliki. Mchana tuliketi mkekani kuzunguka sinia moja, wali wa nazi na mbaazi, na hapo ndipo bibi alipokuwa mkali. Mkono wa kushoto hauingii kwenye sinia. Hauombi, haupokei, haumgusi mkubwa. Mimi nilikuwa nikipigwa kikofi. Mdogo wangu hakupigwa hata siku moja; mkono wake uliondolewa tu, polepole, ukalazwa pajani, na ule wa kulia ukachukuliwa badala yake. Bibi alifanya hivyo, mama alifanya hivyo, nami pia, na hata jirani aliyekuja kuomba moto. Ilikuwa adabu, na sote tulimpenda, kwa hiyo sote tulimfunza.

Mdogo wangu hakujua neno lolote. Njaa aliilia, usingizi aliulia. Kilichomliza zaidi ni watu kupotea. Kwake yeye watu hawakuondoka. Walikatika tu, kama umeme. Mkono ulikuwapo, kisha haupo. Hapo angetambaa nyumba nzima akipapasa kuta.

Ndipo alipokuja mwalimu. Alifundisha shule ya watoto wasiosikia, akapanga chumba Chaani, karibu na kiwanda cha mama, na alikuwa mtu wa bara. Mama alikutana naye njiani akitoka kazini, akamwomba aje amwone mtoto. Nakumbuka alivyosimama mlangoni mara ya kwanza, viatu vimejaa vumbi la feri.

"Hodi! Habari yako, mama?"

Bibi hakuinua macho kwenye ungo wake. "Huko bara hamna shikamoo?"

"Iko, Bibi. Shikamoo."

"Ati iko! Marahaba. Ingia, mwanangu. Kiswahili chako kina mawe, kaa hapa tukichague."

Akakaa. Akawa anakuja kila alasiri, shule yake ikifungwa. Alimpa mdogo wangu kitu akishike, kisha akamwandikia kwenye kiganja chake cha kulia alama ya kitu hicho. Kikombe, maji, muhogo. Nazi ilikuwa ngumi iliyozungushwa juu ya kiganja, kama kifuu kinavyozunguka kwenye mbuzi. Maji, nazi, maji, nazi, mpaka jua likafika ukutani. Kiganja kile kililala tu. Mara nyingine mdogo wangu aligeuza uso, mara nyingine alimfinya mwalimu mpaka kucha zikamchubua.

"Mwana ametulia zake, wewe wamtia udhia," bibi alisema. "Mwache alivyo. Mimi namjua."

"Unamjua, Bibi. Lakini jino likimuuma, atakwambiaje?"

"Atalia."

"Na tumbo?"

"Atalia."

"Na akikukumbuka wakati haupo?"

Bibi akauvuta ungo wake, akasema kwamba Ramadhani ikiingia na mtoto hajatamka kitu kwa mikono hiyo, basi mwalimu asije tena. Hakusema kwa chuki. Alikuwa amechoka kumsikia mjukuu wake akilia kila alasiri. Mwalimu aliinamisha kichwa akasema sawa. Mimi niliyaona macho yake.

Ikafika siku ya vunja jungu, ile siku ya kula na kufurahi kabla ya mfungo. Uani kulikuwa na mafungu ya nazi, samaki wa kupaka akingoja tui, moshi umetanda. Mwalimu alikuja kama kawaida.

"Leo hufundishi," bibi alimwambia. "Leo wala chakula nasi. Ukienda, uende na radhi zetu."

Basi mwalimu akaketi kwenye mkeka, mikono mitupu, hajui aiweke wapi. Bibi akapanda mbuzi, akaanza kukuna. Mdogo wangu alimwegemea ubavuni kama alivyozoea, mkono wa kulia umeikamata kanga ya bibi asije akapotea. Wa kushoto ulikuwa huru. Ukajinyanyua kutoka pajani. Ukapapasa, ukaupata mguu wa bibi, ukakunja ngumi, ukazunguka.

Bibi akauondoa, polepole, akaulaza pajani. "Wa kulia, mwanangu."

Ukarudi. Ngumi, ukazunguka. Bibi akauondoa tena.

"Bibi!" Mwalimu alipiga ukelele mpaka kuku wakatawanyika. "Bibi, tafadhali, mrudishie huo mkono!"

"Ni wa kushoto."

"Najua ni wa kushoto. Haombi kula kwa huo. Anaongea. Nami nimeshikilia mkono mwingine siku zote hizi!"

Mbuzi ikanyamaza. Bibi aliutazama ule mkono mdogo ulivyolala pajani, umetulia kwa adabu, kama alivyoufunza mwenyewe. Kisha akafanya jambo ambalo sikutegemea kuliona maishani. Alifuta kiganja chake kwenye kanga, akakinyoosha, akauchukua mkono wa kushoto wa mjukuu wake na kuuweka juu yake.

Ngumi. Ikazunguka.

"Yuasemaje?" bibi akauliza.

"Anasema nazi."

"Mwambie ipo."

"Mwambie wewe, Bibi."

Mwalimu akamwonyesha. Bibi akakunja ngumi, akaizungusha kwenye kile kiganja kidogo, kisha akampa konzi ya nazi mbichi iliyokunwa. Mdogo wangu akala, akalamba vidole, akarudisha mkono wa kushoto palepale. Nazi. Bibi akacheka huku machozi yanamtiririka. "Wallahi, huyu ana uchu kama babu yake!"

Ramadhani ikaingia, na mwalimu akaingia nayo. Bibi alitoa amri mpya nyumbani: chakula kina mkono wake na maneno yana mkono wake, na atakayeusukuma mkono wa mtoto atalala na njaa. Maneno yakaja, kwanza kwa kudonadona, halafu kwa fujo. Kila mtu akapata jina lake: mimi nikawa kikovu cha kidevuni, bibi akawa pete yake, mwalimu akawa mkanda wa saa. Na mwalimu alitufunza jambo jingine: mtu asiondoke kimyakimya. Mwambie naenda, kisha mwekee kiganja chake mlangoni, auhisi mlango ukifungwa, ajue kwamba umetoka, hukuyeyuka.

Siku hizi tui tunanunua la pakiti. Minazi imekatwa, pamejengwa vyumba vya kupangisha. Bibi ametangulia mbele ya haki. Hakuna tena sinia, kila mtu na sahani yake mbele ya simu yake. Lakini mdogo wangu anakuna nazi, na ananiambia nimekonda.

Mwalimu alihamishwa kurudi bara nikiwa darasa la sita. Alikuja kuaga alasiri, saa yake ileile. Alimwambia kwenye kiganja: naenda. Mdogo wangu akauliza alivyouliza kila siku: kesho?

"Mwambie inshallah," bibi akanong'ona.

"Atanisubiri, Bibi." Mwalimu akafunga macho, akaandika: hapana, si kesho.

Mkono wa kushoto ulibaki hewani, hauna pa kutua. Bibi akaja akaupokea kwa kiganja chake, pete na vyote, akauambia: mimi nipo. Kisha mdogo wangu akaupapasa mlango, akamngoja mwalimu avuke kizingiti, akausukuma mwenyewe mpaka ukafungika.